Kodi ya Miezi Miwili

Mbuke alihama usiku, mvua ikinyesha.
Akabeba godoro, jiko, na mwanawe mgongoni.
Akaniachia msumari ukutani,
kodi ya miezi miwili,
na mshubiri kwenye kopo la rangi, mlangoni.

Nikasema: huu nao ufe.
Sikuupa maji.
Hata ya kuoshea vyombo niliyamwaga upande wa pili,
makusudi, ukiniona.

Lakini nyumba zetu za Igogo zimeng'ang'ania mawe,
na jabali likishapashwa na jua mchana kutwa
usiku hulirudisha jua lile, kidogo kidogo.
Mmea ukala hukohuko.
Ukanenepa kwa chuki yangu
kama mbuzi wa jirani kwenye mihogo.

Mwaka wa tatu kopo likaachia.
Kutu ilikuwa imekula ubavu, mizizi ikachungulia
kama watu dirishani wanaposikia ugomvi.

Leo Jumamosi. Umeme hakuna, mashine ya kusaga kimya,
mjusi kafiri anapiga pushapu juu ya jiwe, kichwa chekundu.
Nimekaa na kisu kibutu cha kuparia sato.
Nimelaza kopo kama mgonjwa wa kukandwa,
nikaligonga tako, nikavuta.
Haukutoka.
Nikavuta tena, nikitukana kwa Kisukuma,
maana Kiswahili changu cha matusi ni kifupi.
Ukaja wote, umevaa umbo la kopo,
mizizi imejizungusha, imejizungusha,
mtu anayetafuta ufunguo chumba kizima
na ufunguo uko mkononi.

Nikaupukuta udongo kwa vidole.
Na chini kabisa, palipopangwa vigae ili maji yapite,
nikakiona kikombe changu.

Kile cha maua ya bluu, cha harusi yangu.
Vipande sita. Mkono wake mzima bado,
umejikunja kama sikio.
Kile nilichomchapia Mayunga, mjukuu wangu,
fimbo tatu, akalala na njaa
akiapa kwa mama yake kwamba si yeye.

Mayunga yuko Sengerema, anasomea useremala.
Ana ndevu sasa, mbili tatu.
Nikachukua simu. Nikaiweka chini. Nikaichukua.
"Bibi, kuna nini?"
"Hakuna. Umekula?"
"Bibi, hii ni saa nne asubuhi."
"Basi ule."

Utomvu wa njano ulikuwa umeniingia kwenye ukucha.
Nikajisahau, nikalamba kidole.
Chai ya vijiko vitatu vya sukari haikufua dafu.

Mchanga nimeletewa kutoka ufukwe wa Kirumba,
kokoto laini nimewaomba akina mama wanaoponda mawe bondeni,
samadi iliyopoa, vumbi la mkaa kiganja kimoja.
Sufuria ilikuwa imetoboka yenyewe, ina akili.
Vile vipande nimevirudisha chini,
mgongo juu, kama alivyovipanga yeye.
Mkono wa kikombe nimeuacha dirishani.

Machipukizi yalikuwa manne.
Nimeyakata, yamelala kivulini yakaushe vidonda.
Moja la Nyangeta, aliyeungua na mafuta ya sambusa.
Mawili ni ya kuuza, sijifanyi mtakatifu.
Moja la Mbuke, akipita.
Hakuna aliyeniambia atapita.

Jioni ziwa likageuka rangi ya risasi,
wingu likapanda kutoka upande wa Ukerewe,
matone ya kwanza yakalia juu ya bati.
Mizizi iliyochunwa hainyweshwi siku ileile, huoza.
Yapite siku saba, ifunge kwanza.
Nikaikumbatia sufuria, tope kifuani,
nikaikimbiza ndani, chumba cha Mbuke,
ambacho sijakipangisha. Nasema ni cha magunia.
Nikaiweka chini ya msumari wake.

Nje mvua inamwagika bure, kila jiwe linakunywa.
Nimesimama mlangoni kuuzibia njia ya maji.
Ni mara ya kwanza nauwekea kiu kwa nia njema.